Ondoa Haiondoi

Nyamiaga, Ngara
11 Machi 2024

Mwalimu Deodata,

Habari za Nemba na habari za vidato vyako. Huku Ngara mvua imeshika na umeme unakuja kama mgeni, lakini kazi niliyokuwa nawachosha nayo tulipokuwa chuoni nimeimaliza. Maktaba imekamilika. Usije ukamwambia mkuu wako wa shule "maktaba" akakuuliza vitabu viko wapi. Ni maktaba ya msimbo, vitendakazi, vipande vidogo vya programu vilivyopangwa tayari ili mwandishi wa programu asianze kila kitu upya: geuza, chuja, kunja, ondoa, na ndugu zao.

Nimeifanya kwa ule mtindo uliokuwa unaupenda, wa kihisabati. Kila kitendakazi ni safi. Ukikipa kitu kinakurudishia kitu, hakigusi kingine chochote duniani. Najivunia hilo kuliko hata shahada yangu.

Kimebaki kitu kimoja, maelekezo. Nayataka kwa Kiswahili, na wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza hisabati na Kiswahili bila kukiumiza kimojawapo. Usijichoshe sana. Mtu anayejua kazi akiona aina ya kinachoingia na aina ya kinachotoka, ameshaelewa. Mstari mmoja kwa kila kitendakazi unatosha, kama hii ya kwangu ya haraka niliyoambatanisha.

Wako,
Abeli


Nemba, Biharamulo
2 Aprili 2024

Abeli,

Salamu zako nimezipata na kazi nimeifanya, ila si ya mstari mmoja. Ninyi Wahangaza wa Ngara mkisema jambo mara moja mnadhani dunia nzima imesikia.

Nimefanya hivi. Nilimkalisha Bartholomayo, mwalimu wetu wa jiografia anayejifunza programu, nikampa mistari yako jinsi ulivyoiandika, nikanyamaza. Kila alipokosea niliandika alikosea wapi. Geuza alipita vizuri. Kunja ilimtoa jasho, akafika. Kwenye ondoa akazama, tena akiwa anatabasamu, na hilo ndilo lililonitisha. Aliagiza jina liondolewe, kompyuta haikulalamika, akaja kuniambia limeondoka. Halikuwa limeondoka.

Nilimuuliza kwa nini ana uhakika. Akasema, "Si wameandika hapa ni safi?" Umeona, Abeli. Wewe ukiandika safi unamaanisha hakigusi kitu cha nje. Mtu wa kawaida akisoma safi anaelewa kazi imekwisha, mambo poa, nenda kalale. Mimi mwenyewe mwanafunzi akipata jibu namwambia "safi".

Kwa hiyo nimeandika hivi, na usinibadilishie hata nukta:

"Ondoa haiondoi. Ukiiambia imtoe jogoo kwenye orodha ya kuku, inaandika orodha nyingine isiyo na jogoo na kukukabidhi. Orodha ya kwanza imebaki vilevile na jogoo yumo. Ipokee hiyo mpya, ipe jina, uanze kutumia hiyo. Usipoipokea umefanya kazi bure, na hakuna atakayekuambia."

Chini yake kuna mfano mzima, unaokosea kwanza halafu unasahihishwa. Kila kitendakazi nimekipa mfano wa namna hiyo.

Nyumbani tumepata mgeni. Mdogo wangu Rozalia, yule anayeuza chai na chapati stendi ya Nyakanazi, amejifungua mtoto wa kike tarehe 28 Machi. Wamemwita Eustakia. Ni mtoto wa kwanza, kwa hiyo Rozalia sasa ni Mama Eustakia na ukimwita Rozalia haitiki.

Deodata


Nyamiaga, Ngara
19 Mei 2024

Mwalimu,

Hongereni kwa Eustakia, na asante kwa kazi. Maelekezo yapo hewani tangu wiki iliyopita na watu wameanza kuichukua maktaba. Kuna kijana wa Biharamulo mjini anaitwa Marcel, anatengeneza mfumo wa zahanati wa kuwakumbusha akina mama kliniki kwa meseji. Ameniandikia kwamba ameipenda.

Nimepunguza kidogo hapa na pale ili isomeke kwa haraka. Jina lako nimeliweka chini.

Abeli


Nemba, Biharamulo
27 Mei 2024

Abeli,

Kidogo hapa na pale. Nimefungua nikatafuta jogoo wangu, sikumkuta. Nimetafuta mifano, hakuna hata mmoja. Mahali pa ondoa nimekuta hivi: "Ondoa: kitendakazi safi. Hutoa kitu kwenye orodha." Basi. Na chini kabisa: "Maelekezo yameandikwa na Deodata."

Hayo sikuandika mimi. Tena umeandika "hutoa kitu kwenye orodha", jambo ambalo wewe mwenyewe unajua haifanyi. Niambie nani alikuomba ufupisho. Anayesoma maelekezo hana haraka, Abeli. Amekwama. Mtu aliyekwama humwambii neno moja ukapita.

Rudisha aya zangu, au angalau hiyo ya ondoa.

Deodata


Nyamiaga, Ngara
8 Juni 2024

Deodata,

Nitakuambia ukweli kwa kuwa unautaka. Niliwaonyesha wenzangu wa Dar kwenye kundi letu la waandishi wa programu. Mmoja akauliza kama haya ni maelekezo au kitabu cha darasa la pili. Mwingine akaanza kuniita Baba Jogoo, na mpaka leo ndilo jina langu humo. Miaka yote nimekuwa yule wa kutoka Ngara, wa mpakani, wa migomba. Sikutengeneza kitu hiki ili niendelee kuchekwa.

Safi ni neno la hisabati. Asiyelijua akalisome. Maktaba si shule ya vidudu.

Abeli


Nemba, Biharamulo
14 Januari 2025

Abeli,

Sikupanga kukuandikia tena, lakini ninalo la kusema na lazima ulisikie.

Eustakia alifariki mwezi wa nane. Ilikuwa homa, ikampanda usiku, kabla hawajafika hospitali akawa ameondoka. Tulimzika Nyakanazi kwa shemeji zangu. Sikukuambia kwa sababu tulikuwa hatusemeshani, na pole yako sikuitaka.

Rozalia alikuwa amemwandikisha kwenye zahanati moja ya binafsi palepale Nyakanazi, ile inayotumia mfumo wa Marcel. Baada ya msiba mama mkwe wake, Mama Yuster, alikwenda mwenyewe kuwaarifu. Nesi akabonyeza ondoa mbele yake. Kompyuta ikaandika: Imeondolewa.

Mwezi uliofuata meseji ikaingia. "Mama Eustakia, kesho ni siku ya kliniki. Mlete Eustakia apimwe uzito." Mwezi mwingine, tena. Mama Yuster akarudi zahanati, nesi akabonyeza tena, Imeondolewa. Wiki hii ananipigia simu kwamba imekuja ya miezi tisa: "Mama Eustakia, mtoto wako amefikia umri wa chanjo ya surua. Usimcheleweshe."

Unajua ni nini hiki, sina haja ya kukueleza. Marcel aliagiza ondoa, hakuipokea orodha mpya, mfumo ukaendelea kusoma ile ya zamani. Ni kosa la Bartholomayo lilelile, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba Bartholomayo alikuwa na mimi pembeni, na Marcel alikuwa na mstari wako.

Deodata


Nyamiaga, Ngara
16 Januari 2025

Deodata,

Pole sana. Poleni wote na Mungu ampumzishe mtoto. Ungeniambia, ningekuja kuzika hata kama hatusemeshani.

Kuhusu hilo lingine, nimeupitia msimbo wangu upya kwa haki kabisa. Hauna kosa. Ondoa inafanya ilichotengenezwa kufanya. Aliyekosea ni Marcel, angejaribu mfumo wake kabla ya kuupeleka kwa watu. Kisu nimenoa mimi, mboga amekata mwingine. Nitamwandikia arekebishe.

Abeli


Nemba, Biharamulo
25 Januari 2025

Abeli,

Kisu ulikinoa, ukakifunga kwenye karatasi iliyoandikwa kijiko.

Jumamosi nilikwenda Biharamulo mjini kwa Marcel. Ni kijana mpole, hana makuu. Nilipomweleza akanifungulia ukurasa wako akaweka kidole palepale. "Mwalimu, mimi nilisoma. Wamesema hutoa, na wamesema ni safi." Halafu akateremka mpaka chini akaniuliza, bila ubaya wowote, kama huyo Deodata ni mimi. Nikaitikia ndiyo. Wewe unajua ilivyouma? Wewe uliitwa Baba Jogoo ukaona umeaibishwa.

Sasa sikiliza la zaidi. Mama Yuster ananiambia siku ya chanjo Rozalia hakufungua kibanda cha chai. Alioga, akajifunga kitenge cha kubebea mgongoni, akaenda zahanati akakaa kwenye benchi na akina mama wenzake. Mgongoni hakuna kitu. Nesi akisoma majina kwenye kompyuta akaita Mama Eustakia, na Rozalia akasimama akasema "Nipo." Watu wote wakainama. Walimrudisha nyumbani wawili, mmoja huku na mmoja huku. Mama Yuster anasema kila meseji ikiingia anaisoma na kulia, na kwamba akili ya mtoto wa watu itaharibika, na ikiharibika wao hawatamlea, atarudi kwetu.

Mimi sikumuuliza Rozalia neno. Mtu aliyefiwa humhoji, unamsaidia. Nimempigia simu akasema yuko salama, na hayo ndiyo majibu ya waliofiwa wote.

Sikuombi, nakuambia. Panda gari uende kwa Marcel, mkae pamoja, mumtoe mtoto huyu kwenye mfumo. Si kwa ondoa yako ile. Mfuteni kweli, kwenye orodha ya zamani, kwenye nakala, popote alipo, asibaki. Na maelekezo yangu uyarudishe yote. Ukishindwa, nitawaandikia wote walioichukua maktaba yako mmoja mmoja niwaambie waitupe.

Deodata


Biharamulo mjini
9 Februari 2025

Deodata,

Niko kwa Marcel. Nilikuja juzi, na ukweli ni kwamba barua yako niliisoma nikaenda kukaa nje.

Tumefanya kama ulivyosema. Marcel amerekebisha mfumo, sasa ondoa yake inapokea orodha mpya na kuihifadhi. Kisha tumemtafuta Eustakia kila mahali. Alikuwa kwenye orodha ya kwanza, kwenye nakala ya kila wiki, na kwenye foleni ya meseji zilizopangwa kwenda mbele mpaka mwaka na nusu. Zote tumezifuta. Nimethibitisha mwenyewe, nikamwambia Marcel naye athibitishe. Hakuna meseji itakayotoka tena.

Aya yako imerudi, na mifano yote. Wenzangu wa Dar waseme watakavyo.

Nilipita Nyakanazi wakati wa kuja. Basi lilisimama stendi, nikamwona dada mmoja anamimina chai, anafanana na wewe hasa paji la uso. Nilitaka kushuka nimwambie ni mimi. Sikushuka, nikanunua mahindi ya kuchoma dirishani.

Nisamehe kama unaweza.

Abeli


Nyakanazi
17 Machi 2025

Dada Deo,

Shikamoo. Natumaini hujambo na shule haijambo. Mimi naandika kwa mkono kwa sababu simu siitaki kwa sasa. Hii balua nimempa kondakta wa basi la asubuhi, mwambie asante.

Dada, siku ya kliniki mwezi huu niriamka mapema nikasubili. Simu haikuria. Nikasema labda mtandao. Nikasubili mpaka jioni, nikaongeza vocha labda imeisha, bado. Kesho yake nikaenda zahanati kuuliza. Nesi akaniambia, furahi mama, dada yako mwalimu alipambana mpaka mtoto akaondolewa kabisa. Akanionyesha kwenye kompyuta. Ameandika Eustakia, ikasema hakuna mtu kama huyo.

Nani arikutuma?

Mimi najua mwanangu amekufa. Nirimwosha mimi, siyo nyie. Wote mnasema Rozalia amechanganyikiwa, hakuna aliyeniuliza. Tangu siku ile tumetoka makaburini, mama mkwe ananiita Rozalia. Wateja wa chai wananiita Rozalia. Mume wangu ananiita Rozalia. Hata wewe ukipiga simu unasema haro Rozalia. Nyie wote mrikuwa mnaniita Mama Eustakia, siku moja tu mkaacha wote pamoja, kama mriambiana. Mtoto wangu ariishi, Dada. Aricheka. Arikuwa anajua sauti yangu.

Ile simu peke yake ndiyo irikuwa bado inaniita Mama Eustakia. Narikuwa naisoma naria, ndiyo, naria halafu narara vizuri. Na siku ile ya chanjo nirikwenda nikasikie jina linaitwa mbele ya watu mara moja tu. Narisikia. Kisha wakanishika mikono kama mwizi.

Wewe mwalimu, kazi yako kuuriza watoto maswari. Kutoka Nemba mpaka hapa siyo mbali.

Sina hasira sana. Ila usije mwezi huu.

Mama Eustakia


Nemba, Biharamulo
20 Machi 2025

Abeli,

Nakutumia picha ya barua ya mdogo wangu. Isome yote, usiruke, na usinipe pole.

Nilimkalisha mwalimu wa jiografia nikamwangalia mpaka nikajua alikwama wapi. Mtoto wa mama yangu sikumkalisha. Nilimsikiliza mama mkwe wake.

Niambie kitu kimoja. Ile orodha ya zamani, ile ambayo ondoa yako ilikuwa haiigusi, ipo popote? Nakala yoyote, hata mbovu?

Deodata


Nyamiaga, Ngara
22 Machi 2025

Deodata,

Haipo. Nimempigia Marcel, tumetafuta usiku kucha, yeye kule na mimi huku. Ulisema asibaki popote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilifuata maelekezo yako bila kupunguza neno.

Njia iliyopo ya kuifanya simu imwite tena Mama Eustakia ni moja, kumwandikisha mtoto upya kama anayeanza. Marcel amekubali. Jina la mtoto nimeandika, jina la mama nimeandika, tarehe ya kuzaliwa umenitajia zamani. Lakini ukurasa wa kwanza una swali ambalo mfumo hauniruhusu kuliruka. Unauliza mtoto yupo hai, ndiyo au hapana. Nikiandika hapana, hautatuma meseji hata moja, kwa sababu Marcel sasa amejifunza kutoka kwenye aya yako na anaondoa vizuri. Nikiandika ndiyo, wataanza kumdai Rozalia chanjo, na siku moja watatuma mhudumu wa afya nyumbani kwake kuuliza kwa nini mtoto haletwi, na mhudumu atabisha hodi na kusema anamtafuta Eustakia.

Nimeuacha ukurasa wazi. Sijajaza.

Abeli